Risala ya Mwalimu Siwatu kwa Waziri wa Tahadhari

Nchi yetu ipo, na anayeijua haulizi ni ipi. Ina bendera, ina wimbo, ina milima miwili na mawaziri wa kutosha. Mimi ndiye mshereheshaji wake. Jina nililopewa na wazazi limeshasahaulika; watu wananiita Vifijo, kwa sababu hakuna shughuli ya serikali, iwe ya kuzindua daraja au ya kuzindua jiwe la msingi la daraja ambalo halitajengwa, ambayo mimi sikushika kipaza sauti na kuwaelekeza wananchi wapige makofi lini na kwa uzito gani. Nasema haya ili ujue kwamba ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu, tena kutoka jukwaani, mahali ambapo mtu huona vizuri na kuelewa baadaye.

Serikali yetu inawapenda raia wake, hasa wanawake. Kwa ajili yao ilianzisha Wizara ya Tahadhari. Kabla ya wizara hiyo, mwanamke aliyebakwa alikuwa akihangaika huku na huko kumtafuta wa kumlaumu. Siku hizi hahangaiki tena, wizara inamletea kioo mpaka nyumbani.

Kampeni ya kwanza iliitwa Glasi Ni Yako na Yatakayokupata Ni Yako. Mchoraji wa mabango alichora mwanamke amelala kwenye kochi, glasi imeanguka pembeni, na mwanamume amesimama juu yake akifungua mkanda. Kamati ikamwita, ikamwambia picha ni nzuri na rangi zimetulia, ila yule mwanamume aondolewe kwa kuwa anafanana na watu wengi mno. Mchoraji akamfuta, akabakisha kivuli chake. Wakamwita tena, kwamba kivuli nacho kimevaa tai. Basi bango lililotoka, ambalo mpaka leo limebandikwa kila zahanati na kila shule, lina mwanamke, kochi na glasi. Ukilitazama sana unaweza kudhani maskini yule ameshambuliwa na kochi.

Wataalamu nao hawakulala. Walifanya utafiti wakagundua kwamba pombe ya nchi yetu ina maajabu: chupa moja, kazi mbili. Akinywa mwanamke inamwongezea kosa, akinywa mwanamume inampunguzia. Mwanamke mlevi kajitakia. Mwanamume mlevi hakujua atendalo. Na wakinywa chupa hiyo hiyo kwenye meza moja, lawama yote hujimimina upande wa mwanamke bila kumwagika hata tone. Matokeo hayo yalisomwa bungeni, wabunge wakagonga meza, wengine wakaenda kantini kuyathibitisha.

*

Mwalimu Siwatu Mpunga alikuwa akifundisha hesabu katika shule ya sekondari ya hapa mjini. Mtu wa watu, mwenye sauti ya kupasua ukuta, kwa sababu darasa lake lilijaa mpaka madirishani na mwanafunzi wa nyuma naye ni mtoto wa mtu. Kila akieleza jambo alikuwa akiuliza, nyuma huko mmesikia? Wasiposikia alirudia, wala hakuwahi kumkasirikia mtoto kwa kutoelewa.

Alialikwa harusi ya mwalimu mwenzake, na harusi hiyo niliisherehesha mimi. Alikunywa mvinyo glasi mbili, akacheza, akacheka. Glasi ya tatu aliletewa na mjomba wa bwana harusi, Dakta Zefania Kirembo, wakati huo Katibu Mkuu wa Wizara ya Tahadhari. Baada ya ile ya tatu miguu ilimgomea. Dakta akamshika mkono, akatangaza kwamba atamfikisha nyumbani kwa gari la serikali. Niliwaona wakitoka. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba viongozi wenye huruma bado wapo, na ukumbi mzima ukashangilia.

Hakufikishwa nyumbani. Alifika mwenyewe kesho yake, kwa miguu, akiwa na kiatu kimoja. Dakta alikuwa amembaka, akamwacha kwenye nyumba ya wageni ya wizara, ile inayotumika kwa semina. Mimi nilikuwa nimewaona wakiondoka, lakini hakuna aliyeniuliza, na sijazoea kusema jambo lisilokuwemo kwenye ratiba.

Siwatu alikwenda polisi, kwenye Dawati la Tahadhari. Aliyempokea ni Koplo Genoveva, mwanamke mpole mwenye mwandiko wa kupendeza. Alimpa kiti, akampa maji, akamuuliza alikunywa nini, alivaa nini, gauni lilifika wapi, alicheka na nani, kwa nini hakuja na mume, na kama hana mume kwa nini alikwenda harusini kuonea watu wivu. Siwatu akajibu yote. Koplo akaandika yote. Ndipo Siwatu akataja aliyemtenda, na Koplo akaweka kalamu chini.

"Jina hilo siwezi kuliandika, Mwalimu."

"Ndilo nililokuja kuandikisha."

"Najua, dada yangu. Lakini jina la mwanamume ni heshima yake. Utaratibu unasema liandikwe akija mwenyewe kujiripoti."

"Kuna aliyewahi kuja?"

Koplo alifikiri kwa dhati, maana hakuwa mtu wa kejeli. "Bado," akasema. "Lakini mlango uko wazi."

Nataka ieleweke kwamba Siwatu hakudai fidia, wala hakudai kuombwa radhi. Alitaka kitu kimoja tu: jina la yule mtu litajwe pamoja na alichokitenda, mahali pa serikali, watu wakisikia. Alikwenda wizarani, wakampa kipeperushi. Alikwenda hospitali, daktari akamwandikia semina. Alikwenda kwa mwalimu mkuu, naye akamhamishia stoo ya vitabu, akieleza kwa upole kwamba wanafunzi wanaiga. Mjini wakaanza kumwita Mwalimu Glasi Tatu, na walioanza hawakuwa watoto.

Mama yake, Bi Mwanzani, alikuwa akilia chumbani na kupika jikoni, hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Siku moja alimwambia yale ambayo akina mama wa nchi yetu wamekuwa wakiambiana tangu enzi. "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite."

"Nimelifunika, mama," Siwatu akajibu. "Hapiti. Kakaa kitako, na juzi wamempandisha cheo."

Kweli, wiki ile Dakta Kirembo aliteuliwa kuwa Waziri wa Tahadhari kamili. Taarifa ya uteuzi ilisema ana uzoefu mkubwa wa masuala ya wanawake.

*

Ilipokaribia Siku ya Taifa ya Tahadhari, kamati ya maandalizi ilikaa. Nami nilikuwemo, kwa upande wa makofi. Kila mwaka tunamchagua Shuhuda wa Mwaka, mwanamke aliyepatwa na masaibu ambaye husimama mbele ya taifa akaeleza alikosea wapi, ili wengine wapone. Mwaka uliotangulia tulimpata mmoja lakini alilia tu, na kilio hakina vipengele. Safari hii tulitaka msomi. Mtu akasema yuko mwalimu mmoja ambaye husumbua sana maofisini. Ni vizuri nguvu zake zitumike kwa manufaa ya nchi. Jina la aliyemtenda halikuwemo popote, kwa hiyo hakuna aliyejua. Mimi nilijua, ila sikuwa na ajenda hiyo.

Tukaenda nyumbani kwao na zawadi: filimbi, tochi, na ile glasi maarufu ya wizara yenye mfuniko wa chuma na kufuli. Ufunguo wa kufuli hukaa kwa ndugu wa kiume wa karibu. Tukamsomea risala tuliyomwandikia. Ilianza kwa kumshukuru Waziri, ikaendelea kwa kujutia glasi moja baada ya nyingine, ikaomba wizara iongezewe bajeti. Tulitegemea atutimue. Bi Mwanzani mwenyewe alikuwa ameshashika ufagio.

Siwatu aliuliza mgeni rasmi ni nani. Tukamwambia. Kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye mwenye kazi, kama msoma risala ni lazima awataje waheshimiwa kwa majina kabla hajaanza kusoma.

"Lazima, Mwalimu," nikamwambia. "Bila hivyo risala ni batili, na sherehe inarudiwa."

"Na akiwataja, anaweza kukatizwa?"

Nilicheka. Nikamweleza kwamba salamu za itifaki katika nchi yetu ni kitu kitakatifu. Ukimruka hata mjumbe wa nyumba kumi tunaanza upya. Na anayewataja wakubwa haguswi na mtu. Kuna mwaka jukwaa lilishika moto, zimamoto wakasubiri chini na mipira yao mpaka mzungumzaji alipofika kwa makatibu tarafa. Akasema basi atasoma. Tulitoka pale tukimsifu kwa adabu yake, na mwenyekiti wa kamati akasema hiyo ndiyo faida ya elimu.

*

Siku yenyewe Uwanja wa Heshima ulipendeza. Watoto wa shule waliandamana wakiwa wamebeba glasi za kufuli. Kwaya ya wizara iliimba wimbo wa mfuniko. Wanawake walikaa upande wa jua, kwa sababu tahadhari ni pamoja na kuzoea shida, na wanaume tukakaa kwenye hema. Mheshimiwa Waziri akaingia na msafara, akaketi kwenye kiti chenye mgongo mrefu, akatoa simu yake akaanza kuisoma, kama ilivyo desturi ya viongozi wanapohutubiwa.

Nikamkaribisha Shuhuda wa Mwaka. Siwatu akapanda akiwa na gauni lile lile la harusini. Hakuna aliyelijua gauni lile isipokuwa watu watatu uwanja mzima. Waziri alikuwa kwenye simu. Mimi nililijua, nikageukia ratiba yangu kuona nani anafuata.

Akaanza kuwataja. Mkuu wa mkoa, nikaitisha makofi, yakapigwa. Kamanda wa polisi, makofi. Viongozi wa dini kwa madhehebu yao, makofi. Alitaja vizuri, hakuruka mtu. Mkono wangu ulikuwa ukipanda na kushuka wenyewe kama wa mtu anayetwanga. Akafika kwa mgeni rasmi.

"Na mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Dakta Zefania Kirembo, Waziri wa Tahadhari, ambaye siku ya harusi ya mpwa wake alinishika mkono nikiwa sijiwezi, akasema ananipeleka nyumbani, akanipeleka kwenye nyumba ya wageni ya wizara, akanibaka."

"Makofi kwa mheshimiwa," nikasema.

Wakapiga. Uwanja mzima, upande wa jua na upande wa hema, makofi mazito ya pamoja, yale niliyowafundisha mwenyewe kwa miaka. Mheshimiwa aliposikia makofi aliinua kichwa, akasimama, akapunga mkono. Sijawahi kusikia makofi yaliyopangika vile, na sijawahi kutamani kitu kife mapema kama nilivyotamani makofi yale.

Siwatu alisubiri yaishe. Akatazama mbali, kule walikosimama watu wa mwisho.

"Nyuma huko," akauliza, "mmesikia?"

Akarudia yote, taratibu, kama anayeandika ubaoni. Fundi mitambo alipewa ishara akazima kipaza sauti, lakini sauti ile haikuwa imezoea vipaza sauti. Na hakuna aliyemgusa, kwa sababu alikuwa bado yuko kwenye salamu. Maaskari walikuwa wakimtazama kamanda, kamanda anamtazama mtu wa itifaki, na mtu wa itifaki anatazama viatu vyake. Safari ya pili hakupiga mtu makofi, nami sikuitisha.

Alipomaliza kuwataja alifunga karatasi yetu bila kuisoma, akashuka. Chini ya ngazi wakamkamata.

Utaratibu unasema mgeni rasmi hujibu risala, kwa hiyo Mheshimiwa akajibu. Alisema ameipokea, na changamoto zote zilizotajwa serikali yake sikivu itazifanyia kazi. Akasema wananchi wamejionea wenyewe madhara ya kilevi: mwanamke huyu alikunywa miezi mingi iliyopita, na pombe bado inasema. Akaagiza glasi za wizara zitengenezwe ndogo zaidi. Kwaya ikaimba tena wimbo wa mfuniko, ingawa sauti ya tatu haikuimba.

*

Kituoni, Siwatu alipokewa tena na Koplo Genoveva. Safari hii Koplo aliliandika jina lote, Dakta Zefania Kirembo, na cheo chake, kwa mwandiko ule wa kupendeza, bila kikwazo chochote. Siwatu alipouliza imekuwaje, Koplo alimweleza kwamba sasa ni halali kabisa, kwa maana jina limekaa kwenye nafasi ya mwathirika.

Alishitakiwa kwa kosa la kumtaja kiongozi kwa tendo. Ni kosa kubwa, halina dhamana. Nilikwenda mahakamani siku ya kwanza kwa sababu waliniita shahidi, na nikaketi mbele. Siwatu aliletwa kutoka mahabusu, amekonda, nywele zimenyolewa. Hakimu Kabwere ni mtu wa sheria tupu. Inasemekana hata nyumbani hali chakula mpaka kisomwe kwanza. Akamwamuru karani wa mahakama amsomee mshitakiwa shitaka lake.

Mwendesha mashitaka akasimama kuomba kwamba yale maneno yenyewe yarukwe, kwa staha. Hakimu akakataa. Akasema shitaka la maneno bila maneno si shitaka, na kwamba sheria ya nchi hii inataka mshitakiwa asomewe kwa sauti, kwa ukamilifu, mahakama ikiwa wazi. Karani akasafisha koo. Akasoma kwamba wewe Siwatu Mpunga, katika Uwanja wa Heshima, ulisema kuwa Dakta Zefania Kirembo, Waziri wa Tahadhari, alikushika mkono ukiwa hujiwezi, akasema anakupeleka nyumbani, akakupeleka kwenye nyumba ya wageni ya wizara, akakubaka.

"Umeelewa shitaka?" Hakimu akamuuliza.

Siwatu alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza. Akainua uso, akasema, "Hapana, mheshimiwa. Sijaelewa."

Hakimu akafungua kitabu, ingawa alijua kilichomo. Mshitakiwa hawezi kujibu shitaka asilolielewa, na asipoelewa husomewa tena mpaka aelewe. Karani akasoma tena. Siwatu akasema bado. Mwendesha mashitaka akaruka kwamba huyu ni mwalimu, ana shahada, anaelewa fika. Siwatu akamjibu kwamba kosa lake ndilo analolitafuta humo na halioni. Hakimu akaahirisha.

Imekuwa hivyo tangu hapo. Kila kesi ikitajwa karani husoma, Siwatu husema hajaelewa, kesi huahirishwa, naye hurudishwa mahabusu. Waziri alijaribu kuliondoa shitaka, lakini mlalamikaji akitaka kuondoa shitaka ni lazima afike mwenyewe, shitaka lisomwe mbele yake, athibitishe kuwa ndilo. Hajafika. Wizara imetoa bango jipya la kuwatahadharisha raia na mazoea ya kukaa mahakamani. Lina picha ya jengo lenyewe, na sasa watu wanalionyesha wakiulizia mahakama iko wapi.

Usidhani nafurahia. Kule mahabusu kuna baridi, na Siwatu anakohoa. Bi Mwanzani hupeleka uji kila asubuhi, na nusu ya siku hizo hurudishwa nao. Shule imemfuta kazi kwa utoro. Dakta Kirembo bado ni waziri, bado anapanda jukwaani, na mimi bado ndiye ninayemkaribisha. Nina watoto, ukiniuliza. Lakini siku ya kesi huwa nasema naumwa, naenda kuketi nyuma.

Nyuma wamejaa wanawake. Wengine ni wauza mboga, wengine wauguzi, wawili ni wa kwaya ya wizara. Hawasemi kitu, hawana bango, wanakuja tu na kukaa. Safari iliyopita Koplo Genoveva naye alikuja, hakuvaa sare, akapata nafasi benchini karibu na ukuta.

Siku hiyo karani alikuwa na mafua. Alisimama na hati yake, akaanza vizuri, wewe Siwatu Mpunga, katika Uwanja wa Heshima, ulisema kuwa. Hapo sauti ikamkatika. Akakohoa, akanywa maji, akajaribu tena, hakikutoka kitu. Mwendesha mashitaka akaanza kutabasamu.

Ndipo kwa nyuma mwanamke mmoja akaendelea pale karani alipoachia. Hakupaza sauti, alilisema tu lile jina na cheo. Wa pili akaingia kwenye mkono, wa tatu kwenye ahadi ya nyumbani, na walipofika kwenye nyumba ya wageni ya wizara walikuwa wanasema wote, benchi zote za nyuma, kwa pamoja, mpaka neno la mwisho. Hawakukosea hata kituo. Nilimwona Koplo Genoveva midomo ikimchezacheza naye.

Hakimu alishika nyundo yake ya mti asiigonge. Kumshitaki mmoja wao kungetaka hati, na hati ingetaka kusomwa. Alimgeukia Siwatu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya gauni nilimwona Mwalimu analia, machozi yanashuka bila yeye kuyafuta, kwa kuwa alikuwa na pingu.

"Mshitakiwa," Hakimu akauliza, kwa sauti ndogo kuliko yake ya kawaida, "umeelewa?"

"Bado, mheshimiwa," akasema. "Naomba nisomewe tena."

Kesi ikaahirishwa, wakamrudisha mahabusu.